Macho ya Jirani

Mama yangu alikubali kuhama kwa sharti moja tu, kwamba jirani yake naye aje. Nilidhani anamsema yule mjane wa ng'ambo ya shamba anayemchotea maji, nikaanza kuwaza nitamlaza wapi. Kumbe jirani mwenyewe alikuwa mjusi.

Nyuma ya nyumba ya mama, kule Gorong'a, kuna jiwe kubwa bapa ambalo tangu utoto wangu tunaanikia ulezi na mihogo. Kwenye ufa wa jiwe hilo anaishi mjusi dume, wa wale wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu ambao kwetu wamejaa kila penye mawe. Huyu anatambulika kwa sababu ana mkia nusu, nusu nyingine aliichukua paka. Mama alianza kumzoea baada ya baba kufariki. Alikuwa anakaa kwenye kigoda anachambua ulezi, mjusi anakuja kuokota sisimizi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka, wakaelewana. Mwisho akawa anampa kumbikumbi, naye anawachukua vidoleni mwake kwa adabu kabisa. Mama akawa anamwita jirani, na habari zake akawa anazitoa kama habari za jirani yeyote. Jirani leo amechelewa kutoka. Jirani hapendi mawingu. Jirani amegombana na mwenzake wa ukuta wa choo. Nikipiga simu, habari za jirani zilitangulia, za kanisani zikafuata, na za mama mwenyewe nilizipata nikizidai.

Na za mama mwenyewe ndizo zilikuwa mbaya. Ana presha ya macho. Kwenye kliniki ya macho walitueleza kwamba kilichopotea hakirudi, lakini dawa ya matone, asubuhi na jioni, italinda kilichobaki. Walitukanya pia tusizidishe, maana dawa ile huingia mwilini na inaweza kupunguza mapigo ya moyo. Nilisikiliza kwa niaba ya wote wawili. Mama alikuwa anasikiliza mtoto aliyekuwa analia ukumbini, akitaka kujua kwa nini mama yake hambembelezi.

Mimi naishi Nyambureti, wilaya ya Serengeti, na mume wangu. Nina duka la dawa za mifugo. Wakati wa mavuno nilipokwenda Gorong'a kumwona mama, nikaikuta chupa ya matone haijafunguliwa. Alikuwa ameiweka kwenye kopo pamoja na tyubu ya mafuta ya macho, ile tyubu moja ambayo katika nyumba zetu inamtibu ndama, inamtibu mtoto, na mgeni akiingia na jicho jekundu inamtibu na yeye. Nilipomuuliza kwa nini hajaanza dawa alisema hakuona kama ina haraka.

Mimi si mtu wa kusubiri, na hasira yangu iko karibu, kila anayenijua atakwambia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kaka yangu mmoja yuko Kenya na familia yake, mwingine alishatangulia mbele za haki, na mimi niko ng'ambo ya Mto Mara. Nani angemwekea mama dawa? Niliogopa kwamba siku moja nitafika nimkute anapapasa mlango wake mwenyewe. Nikamwambia afungashe, tunaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa siku nzima, lakini akatoa lile sharti la jirani tu.

Kumkamata ilikuwa kazi. Nilijaribu mimi kwanza, nikamshukia kwa mkono kama ninavyoshika kuku, akaingia ufani asionekane. Mama alinifukuza pale. Akasema kwa Kikurya kwamba mkono ukitoka juu ni mwewe, hata kama una kumbikumbi. Yeye aliuweka mkono wake juu ya jiwe, umelala, akakaa. Mjusi akatoka, akaja mpaka kwenye kiganja, na mama akamfunika polepole kwa upindo wa kanga.

Nyumbani kwangu nilikuwa nimeandaa kila kitu. Chumba cha mama kilipakwa rangi mpya, kina kitanda kizuri na dirisha la vioo. Mume wangu alimtengenezea mjusi kibanda cha mbao na wavu wa kuku, tukamwagia mchanga chini, tukamwekea na jiwe, tukakiweka sebuleni karibu na kochi la mama. Asubuhi na jioni nilimtia mama matone kwa mkono wangu. Nilijiona nimemaliza.

Siku za mwanzo mjusi alikuwa anatazama huku na huku, kichwa juu, kama mtu aliyeshuka stendi asiyoijua. Halafu akafumba jicho moja. Baadaye akafumba yote mawili. Kichwa chake chekundu kilififia kikawa rangi ya udongo, na kumbikumbi ukimwekea mdomoni hamtaki. Mama aliniita akaniuliza jirani anaonekanaje, kwa kuwa yeye vitu vidogo haoni tena vizuri. Nikamwambia amefumba macho, yamevimba kidogo. Akaacha chakula chake sahanini.

Tangu hapo nilielewa jambo moja, na nililielewa bila kuambiwa. Mjusi huyu akifa kwangu, mama hakai. Akipona, mama atakaa, atawekewa dawa, na macho yake yatalindwa. Basi nikamshika mgonjwa wangu kwa nguvu zote.

Nilianza na maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na pamba. Nikafikiri labda ni mchanga, nikautoa wote nikatandika gunia. Nikampaka mafuta ya tyubu. Mume wangu alisimulia kwamba baba yake alikuwa anatafuna chumvi na kumtemea fahali jichoni, na fahali anapona, nikamwambia akithubutu kumtemea mjusi wa mama mkwe wake tutapelekana kwa wazee wa kanisa. Akacheka akaenda zake shamba. Nikamwekea mjusi vitamini ya kuku kwenye kifuniko cha maji. Mteja mmoja aliyekuja kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe alinikuta nimempakata mjusi kwenye taulo, akaagana na mimi kwa haraka kidogo.

Ilipofika hapo nikampigia simu binti wa kaka yangu, anayesoma chuo Nairobi. Nikamtumia na picha.

Alipiga mwenyewe baada ya muda, na mama akiwa pembeni nikaweka sauti ya juu. Alimsalimia bibi yake kwanza, akamwita nyanya kama wanavyosema wao, na mama kama kawaida akamjibu kwamba yeye si nyanya ya sokoni, ndipo akaitikia marahaba. Halafu binti akasema kwamba mjusi wetu hajaandikiwa sana, lakini ana binamu Australia ambaye wazungu wanamfuga ndani ya nyumba kwenye vioo, na kuhusu macho ya huyo binamu kuna maelezo tele. Akalitaja jina lake kwa Kiingereza. Mimi nilisikia biadi dragoni. Akatufafanulia kwamba maana yake ni joka lenye ndevu.

Mama akainua kichwa. Aliuliza kama ni lile la Ufunuo.

Binti alicheka mpaka akakohoa. Alisema hapana, huyu ni mpole, anakula karoti na mchicha pamoja na wadudu, na anapenda kukaa begani kwa mtu. Macho yake yanaumwa kwa sababu nyingi. Mchanga unaweza kuingia. Akijivua gamba, ngozi ya zamani inaweza kubaki kwenye kope ikakauka ikamziba. Akikosa maji au vitamini kope zinavimba. Taa ikiwa si ya aina yake inamchoma macho, kwa sababu anahitaji mwanga unaofanana na wa jua. Kuna na jingine alilolisema mwishoni, nikamkatisha kwa kuwa halikuwa na dawa. Nitalirudia.

Kisha akatueleza kitu ambacho mama alikipenda kuliko vyote. Alisema mijusi wa ukoo huu wana jicho la tatu, utosini, dogo kama punje ya ulezi. Halioni sura wala rangi. Linajua mwanga na kivuli tu, basi, na ndiyo sababu ukimshukia kutoka juu anakimbia, maana jicho la juu limemwambia mwewe amekuja.

"Basi mimi nimebaki na hilo la utosini," mama akasema.

Alisema kwa utani, na binti akacheka tena huko Nairobi. Mimi sikucheka. Nilikuwa sijajua kwamba yamefika hapo. Nikamuuliza mama, baada ya simu, kama ananiona. Akasema ananiona vizuri sana nikigombana. Hilo ndilo jibu nililopewa.

Katika yale yote ya binti mimi nilishika neno taa. Dukani nilikuwa na taa ya vifaranga, ile ya joto kali. Nikaifunga juu ya kibanda, karibu, nikaiwasha, na sebule ikawa kama tanuri la matofali. Mjusi alijibana chini kama anataka kupenya kwenye gunia. Mama alivumilia kidogo, halafu akaniambia nizime, kwamba kama yeye aliye mbali uso unamuwaka, mwenye kukaa chini yake itakuwaje. Nilibisha. Jioni nilimtumia binti picha ya kazi yangu, naye akanijibu kwa sauti ya kunibembeleza.

"Shangazi, hiyo taa ni ya kuku. Utamwivisha."

Nikazima. Nikawa namtoa nje asubuhi, kwenye jua la kweli, nimemfunika na wavu.

Ilitokea siku moja macho yake yakatokeza kama maharage yaliyolowekwa, yote mawili, yakiwa yamefumbwa. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akaja na panga, akidhani nyoka. Binti akanituliza kwamba yule binamu wa Australia hufanya hivyohivyo akitaka kujivua gamba, anayasukuma macho nje ili ngozi ya zamani ilegee. Kweli, kwenye kope kulikuwa na vipande vyeupe vilivyokauka. Nikavilowesha kwa kitambaa asubuhi na jioni, bila kuvivuta, mpaka vikatoka vyenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Nikamwita mama, tukakaa wawili tukisubiri. Mjusi akafumbua jicho la kushoto, akautazama ukuta wangu uliopakwa rangi mpya, kisha akalifumba.

Chupa ya mama ya matone iliisha mapema mno. Niliigeuza nikaitikisa, tupu. Dawa ya asubuhi na jioni nilikuwa naiweka mimi mwenyewe, tone kwa tone, kwa hiyo nikajua kuna mkono mwingine. Nikamuuliza mama kama anajiongezea nikiwa dukani.

"Sijiongezei," akasema. "Tunagawana."

Nilikaa chini. Alinieleza taratibu, kama anavyonieleza mambo ya ukoo. Nikiondoka kwenda dukani alikuwa anaingiza mkono kibandani, umelala, anampapasa jirani mpaka anapata jicho, anamdondoshea. Dawa ya macho ni dawa ya macho, kwani ile ya tyubu haikuwa inamtibu ndama na sisi? Nikamwambia ile ni ya vidonda, hii ni ya presha, hii inapunguza mapigo ya moyo hata kwa mtu mzima, sembuse kiumbe kinachoenea kwenye kiganja. Sauti yangu ilikuwa juu. Nilimwambia huenda yeye ndiye aliyemlaza mjusi hivi, na kwamba nimemtoa Gorong'a kwa ajili ya dawa ile ile anayoimwagia mjusi.

Alisubiri nimalize.

"Ulisema dawa hii inalinda macho yaliyobaki," akasema. "Mimi yangu yamebaki mabovu. Yake ni mazima yote mawili. Kati yetu nani alindwe?"

Nilitoka nikaenda dukani nikafunga mlango, nikalia katikati ya mifuko ya chumvi ya ng'ombe. Nililia kwa hasira na kwa huruma, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

Tulinunua chupa nyingine, hii nikawa natembea nayo mfukoni. Mjusi nikamwosha kwa maji safi tu, siku baada ya siku, na mwili wake ukachangamka. Akawa anakaza miguu ukimshika, anapumua vizuri, hata mende mmoja akamla. Macho yalikuwa hayana uvimbe, hayana tongo, hayana ngozi. Lakini hayafumbuki. Kila asubuhi nilimkuta amefumba, nami nikarudi dukani kutazama rafu zangu, nikitafuta chupa ambayo bado sijaifungua.

Asubuhi moja nikiwa nimeshika sindano ya kumnyweshea vitamini, mama aliniambia niiweke chini.

"Huyu haumwi. Amefumba tu. Wewe unatafuta ugonjwa kwa sababu una duka."

Nilimuuliza kwa nini basi afumbe macho mazima. Akasema hapa hakuna anachokijua. Kule alikuwa anajua jiwe lake, anajua ufa wake, anajua mwewe anatokea upande gani na paka anatokea upande gani. Hapa akifumbua anaona mambo asiyoyajua, akitazama sana anaona mengine, mwisho anachoka anafumba, maana ndani ya macho yake bado kuna jiwe.

Aliyasema hayo ameegemea kochi, mikono mapajani. Na yeye alikuwa amefumba macho.

Sijui ni mara ngapi nilikuwa nimempita pale nikidhani amelala. Nilianza kukumbuka mambo. Muundi wake ulikuwa na alama za bluu kwa ajili ya meza yangu ya kioo. Kutoka chumbani alikuwa anashika ukuta, mkono mmoja mbele. Chooni aliniita nimpeleke, yeye ambaye Gorong'a alikuwa anaokota kuni, anaanika ulezi, anafunga mbuzi, na mimi nikijua kabisa kwamba haoni vizuri nilikuwa sikumbuki kumwona akijikwaa hata siku moja. Nilidhani macho yake yameharibika zaidi tangu aje. Dawa tulikuwa tunaweka kila siku, kwa nini yaharibike? Mimi ndiye niliyekuwa nimemwondolea vitu alivyokuwa anaonea.

Nilimpigia binti, nikamuuliza lile jambo la mwisho nililomkatisha. Akashangaa kidogo.

"Si nilikuambia mapema, shangazi? Ukiwahamisha wanafumba macho. Huyo ako na stresi. Ukaniambia hiyo haina dawa."

Mume wangu alinikuta nimekaa mlangoni, akasikiliza yote, akasema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Nilimjibu kwamba tunampeleka mjusi tu. Nilisema hivyo wazi, mama akiwa anasikia. Tunamrudisha mjusi kwenye jiwe lake, tunasalimia watu, tunarudi. Mama hakubisha wala hakuitikia. Alivaa kanga yake nzuri.

Tulikodi gari, yeye akakaa mbele na boksi la mjusi mapajani. Kutoka kwangu mpaka daraja la Mto Mara hakusema kitu. Tulipopanda ng'ambo ya pili akaanza kututajia njia. Hapa ni kwa fundi wa baiskeli. Hapa watatuuzia ndizi. Kata kushoto, kuna shimo. Dereva alikata kushoto, na shimo lilikuwepo. Alikuwa anageuza shingo kila upande, na nilimwona kwenye kioo cha gari, macho yamefumbuliwa yote.

Tulipofika, yule mjane wa ng'ambo ya shamba alikuja amembeba mjukuu wake, tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua. Mama hakusimama sana. Alinikabidhi boksi akaniambia nimweke jirani jiweni, mkono uwe umelala, nisimshushe kama mwewe. Halafu akaenda mlangoni kwake, akaingiza mkono juu ya kizingiti, akachukua ufunguo, akafungua.

Nilimweka mjusi juu ya jiwe. Alikaa pale kama alivyokaa kwangu, amejibana, macho yamefungwa. Jua lilikuwa linampiga mgongoni. Nikachuchumaa pembeni kumsubiri, roho juu, na wakati huo masikio yangu yalikuwa ndani ya nyumba. Nilisikia dirisha likifunguliwa. Nikasikia ufagio. Nikasikia sufuria ikitolewa kwenye kichanja na kuwekwa mafigani, bila kugonga kitu. Kisha mama akatoka kwa mlango wa nyuma ameshika ungo wa ulezi kwa mikono miwili, hashiki ukuta, hashiki chochote, akaja moja kwa moja. Kuna kisiki katikati ya ule uwanja, nilijikwaa nacho mimi mwenyewe wakati wa kuja. Yeye alikizunguka bila kupunguza mwendo, akafika jiweni, akamwaga ulezi wake akaanza kuutandaza kwa kiganja.

Sikuona mjusi alifumbua saa ngapi, kwa sababu nilikuwa namtazama mama. Nilipogeuka, kichwa kilikuwa juu, macho mawili meusi yakinikodolea, na shingoni wekundu ulikuwa umeanza kurudi kidogo. Alitikisa kichwa juu chini kama wanavyofanya. Akakimbia na mkia wake nusu, akaingia ufani.

"Amefumbua?" mama akauliza.

"Amefumbua."

"Basi na wewe fumbua."

Hakuinua uso, aliendelea kutandaza ulezi. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi, ya kliniki, ya barabara, ya nani atakayemwekea dawa, na yote yalikuwa ya kweli. Nilichota ulezi ungoni nikatandaza upande wangu, na machozi yalinitoka na sikuyafuta, nikijua mama hayaoni. Akanipa ncha ya kanga yake.

Nilirudi Nyambureti peke yangu na boksi tupu. Yule mjane amekubali kumwekea mama matone asubuhi akileta maji, na jioni akija kuchukua mbuzi wake. Nilimfundisha mimi mwenyewe, tone moja kila jicho, avute kope ya chini, asizidishe. Ni mwanamke makini, ana mkono mtulivu kuliko wangu. Kibanda mume wangu amekigeuza cha vifaranga, na ile taa imepata kazi yake. Mwezi uliopita tulikwenda kliniki na mama, wakampima, wakasema kilichobaki bado kipo. Nilimwomba mtaalamu aniambie tena, taratibu.

Kila jioni nikifunga duka napiga simu. Mama ananipa kwanza habari za jirani, kwamba leo ametoka mapema, kwamba amemfukuza yule wa ukuta wa choo. Namwacha amalize. Halafu namuuliza kama dawa imewekwa.

"Tumeweka," ananijibu.

Na mimi nabaki na simu sikioni, nikiwaza hiyo tumeweka ni yeye na mjane, au ni yeye na nani.